Runinga ya Laki Sita: Kioo Tulichonyimwa, Tulichopewa na Tunachochagua

Mtu mwenye laki sita mfukoni akiingia leo katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo hukutana na ukuta mzima wa vioo vinavyong'aa, na mbele ya ukuta huo hutakiwa kuamua katika muda wa dakika chache. Muuzaji atamtajia inchi, 4K, smati, waranti na punguzo la bei. Atamwambia kwamba hii ya inchi 50 ndiyo habari ya mjini. Mnunuzi atakuna kichwa, atampigia simu shemeji yake anayejua mambo haya, kisha atalipa na kuondoka akiwa na wasiwasi kidogo moyoni.

Laki sita si fedha ya kuchezea. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilikuwa shilingi 370,000 tangu mwaka 2022, na kikapandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo, hata baada ya nyongeza hiyo, runinga ya bei ya wastani inazidi mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nashangazwa na jinsi sisi wasomi tunavyolidharau jambo hili na kuliona dogo, lisilostahili makala. Uamuzi wa kununua runinga una historia ndefu ya kisiasa katika nchi yetu. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru, swali la "ninunue runinga ipi?" halikuwa swali la raia wa Tanzania Bara. Lilikuwa swali la dola, na dola ilikwisha kulijibu kwa niaba ya wote: hakuna.

Katika makala haya nitaeleza jinsi swali hilo lilivyohama kutoka Ikulu hadi sebuleni, nani alilipa gharama kila lilipohama, na historia hiyo inamfundisha nini mtu wa kipato cha kati anayesimama mbele ya ule ukuta wa vioo.

Dola ilipomchagulia raia

Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962, kabla hata ya kupata uhuru. Uganda ikafuata mwaka 1963. Tanganyika, iliyotangulia kujitawala Desemba 1961, haikufuata. Hoja ya viongozi wetu wa wakati ule ilikuwa nyepesi kueleweka. Televisheni ilihitaji mitambo ghali ya kuagizwa kwa fedha za kigeni, ilihitaji umeme ambao ulikuwa wa miji michache, na ilihitaji mnunuzi mwenye uwezo ambao mkulima wa Newala au Kasulu hakuwa nao. Kuanzisha kituo kungekuwa sawa na kuchukua jasho la wakulima wa pamba, kahawa na mkonge na kulifanya burudani ya watu wachache wa mijini.

Msomaji aliyesoma Azimio la Arusha la Februari 1967 atatambua mara moja mantiki hiyo. Azimio lilionya kwamba mikopo ya maendeleo hutumika zaidi mijini ilhali marejesho yake hutokana na jasho la vijijini. Ukiitazama televisheni kwa jicho hilo, kuikataa hakukuwa ushamba, bali ulikuwa uamuzi wa kisera uliojengwa juu ya msingi wa usawa.

Badala yake nchi iliwekeza katika redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika mbali, na redio ya betri haikuhitaji nguzo ya umeme. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri na redio za National zikawa sehemu ya maisha ya kijiji. Matunda yake yalionekana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Hakuna kituo cha televisheni katika Afrika ya wakati huo ambacho kingeweza kuwafikia wanavijiji wengi kiasi hicho kwa gharama ile.

Hata hivyo, mwanahistoria hapaswi kuishia kwenye sifa. Kuna kisa cha nchi nyingine kinachotulazimisha kufikiri zaidi. Afrika Kusini ya makaburu, tajiri kuliko sisi mara nyingi, nayo iliikataa televisheni mpaka Januari 1976. Mwaka 1969, wakati mamilioni duniani wakitazama binadamu akikanyaga mwezi, raia wa Afrika Kusini hawakuwa na kituo cha kuwaonyesha tukio hilo. Waziri aliyepinga televisheni kwa ukali, Albert Hertzog, hakusukumwa na usawa. Alihofia kwamba kioo hicho kingeingiza fikra za nje na kuutikisa utawala wa watu weupe.

Serikali mbili zilizokuwa mahasimu wakubwa, moja ikiwafadhili wapigania uhuru na nyingine ikiwawinda, zilifikia uamuzi mmoja kwa sababu zinazopingana. Hapo ndipo penye fundisho. Serikali inapomwambia raia "kitu hiki hukihitaji", si haki kulipima neno hilo kwa uzuri wa sababu zake peke yake. Tuulize pia raia alipewa nini badala yake. Mtanzania alipewa redio, kisomo cha watu wazima na zahanati. Mwafrika wa Soweto alipewa pasi ya kutembelea. Lakini wote wawili hawakuulizwa.

Kisiwa kilichotangulia

Ndani ya Jamhuri yetu hiyohiyo, Zanzibar ilikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Televisheni Zanzibar, na picha zake zilikuwa za rangi tangu mwanzo. Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa bado zinarusha picha nyeusi na nyeupe. Ndiyo maana TVZ hutajwa hadi leo kuwa televisheni ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Fedha za karafuu ziliiwezesha, na fikra iliyoisukuma ilifanana na ile iliyojenga majumba ya Michenzani: kwamba mapinduzi lazima yaonekane kwa macho.

Tazama jinsi pande mbili za Muungano, chini ya itikadi zilizokaribiana, zilivyolisoma neno "usawa" kwa namna mbili. Bara ilisema: kwa kuwa wote hawawezi kuwa nayo, asiwe nayo yeyote. Visiwani walisema: kwa kuwa ni kitu kizuri, na kiletwe, hata kama wengi watakitazama kwa pamoja. Mimi naona kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Upande wa Bara uliona gharama, na upande wa Visiwani uliona heshima. Mtu maskini naye hupenda kitu kizuri, na siasa inayosahau jambo hilo hushindwa mapema au baadaye.

Na kwa kweli wimbi la hewani halikujua mpaka. Wenye uwezo wa pwani ya Bara walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa wakiielekeza Unguja, na wa kaskazini wakaielekeza Kenya. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video nazo zikaingia, na kwa hizo vikazaliwa vile vibanda umiza ambamo watu walilipa kiingilio kutazama sinema za Kihindi na za mapigano. Sera ya kutokuwa na televisheni ikawa imebaki kwenye makaratasi. Walioathirika nayo walikuwa wale wasio na antena ndefu, yaani haohao maskini ambao sera ilikusudia kuwalinda.

Mlango wa 1994

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 televisheni ikaanza rasmi Tanzania Bara. ITV, DTV na CTN zilitangulia. Televisheni ya taifa, TVT, ambayo baadaye ikawa TBC, ilikuja miaka kadhaa baadaye. Katika nchi nyingi za Afrika dola ilianza na soko likafuata. Kwetu Bara soko lilianza na dola ikafuata.

Mpangilio huo uliacha alama. Kwa kuwa mwekezaji binafsi huanzia palipo na wateja wa matangazo ya biashara, televisheni ilianzia Dar es Salaam na kusambaa polepole kwenda miji mingine. Sisi tuliokuwa watoto wakati huo tunakumbuka nyumba moja ya mtaa iliyokuwa na seti, na jinsi dirisha la nyumba hiyo lilivyogeuka ukumbi wa jioni. Mwenye nyumba alijipatia hadhi, na pia alibebeshwa wajibu ambao hakuuomba: kuzima seti kabla ya taarifa ya habari kwisha kulihesabiwa kuwa uchoyo.

Runinga za wakati huo ni zile tuziitazo za chogo. Zilikuwa nzito, zilikula nafasi na umeme, lakini zilikuwa na sifa moja ambayo vioo vya leo havina. Fundi wa mtaani aliweza kuzifungua, akabadilisha kifaa kilichoungua na kukurudishia seti yako ikiwa nzima. Seti moja iliweza kumwona mtoto akianza darasa la kwanza na kumwona akimaliza chuo.

Ajabu ya historia ni kwamba taifa lililolelewa na Mwalimu Nyerere bila televisheni lilimwaga naye kwa televisheni. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, watu walikusanyika mbele ya vioo kuutazama msiba huo. Na leo kijana asiyemkuta Mwalimu akiwa hai humfahamu kwa sauti na uso kwa sababu hotuba zake za mwaka 1995, mathalani ile ya Mei Mosi kule Mbeya, zilinaswa kwa kamera na zinaonyeshwa tena na tena.

Uamuzi wa usiku mmoja

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata ikazimwa Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa za Afrika kuchukua hatua hiyo, ikitangulia kwa zaidi ya miaka miwili ukomo wa Juni 2015 uliowekwa na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006.

Serikali ilikuwa na sababu. Mawimbi ya dijitali hubeba chaneli nyingi katika nafasi ambayo analojia ilibeba moja, na masafa yanayobaki hutumika kwa mawasiliano mengine. Lakini gharama ya kuhama ilimwangukia nani? Ilimwangukia mwenye seti ya chogo, aliyelazimika kununua king'amuzi ili aendelee kutazama kile alichokuwa akikitazama jana yake. Neno "king'amuzi" lilienea mitaani kwa kasi ambayo watunga istilahi wetu huiombea dua.

Kenya ilipitia njia yenye mivutano zaidi. Februari 2015 vituo vya Citizen, NTV na KTN vilitoweka hewani kwa takribani wiki tatu kutokana na mgogoro wa nani awe msambazaji wa mawimbi yao. Nasi tulionja jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2018, pale chaneli za ndani zisizolipiwa zilipoondolewa katika baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kwa sababu za masharti ya leseni. Mtu alikuwa na runinga, ana umeme, ana king'amuzi, na bado haoni taarifa ya habari ya nchi yake.

Fundisho la miaka hiyo kwa mnunuzi ni moja: kilichopitwa na wakati hakikuwa seti, kilikuwa mfumo wa mawimbi. Seti ya chogo iliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya 2012. Kwa hiyo anayenunua runinga asinunue kioo tu. Ananunua pia mahali ndani ya mfumo ambao haumiliki na hauendeshi.

Hoja ya gharama iliporudi

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa isingeendelea kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, na kiasi kilichotajwa kilikuwa zaidi ya shilingi bilioni nne kwa mwaka.

Mwanafunzi wa historia hawezi kulisikia neno "gharama" hapo bila kukumbuka miaka ya 1960. Ni neno lilelile, lakini kazi yake imegeuka. Katika miaka ya 1960 hoja ya gharama iliwanyima wachache burudani ili fedha ziende kwenye redio ya wengi. Mwaka 2016 hoja ya gharama ilihusu kitu ambacho wengi walikuwa nacho, tena kitu cha bure, ambacho kilimpa fundi viatu wa Manzese nafasi ileile ya kumsikiliza waziri akihojiwa kama aliyo nayo profesa. Ukipima kwa mizani ya Azimio la Arusha, kipindi cha Bunge kilikuwa miongoni mwa matumizi ya televisheni yaliyokaribia zaidi lengo la usawa. Wapo wanaosema wabunge walikuwa wakiigiza mbele ya kamera. Huenda. Lakini mwajiri aliyegundua kwamba mfanyakazi wake anaigiza hafumbi macho. Humtazama kwa makini zaidi.

Naeleza haya kwa sababu thamani ya runinga unayoinunua haimo ndani ya boksi peke yake. Sehemu yake kubwa imo katika kile ambacho jamii imekubali kionekane. Kioo cha inchi 65 kisicho na Bunge, kisicho na mjadala, kilichojaa tamthilia zilizotafsiriwa tu, ni kidogo kuliko chogo ya inchi 14 ya mwaka 1995.

Mbele ya ukuta wa vioo

Tumrudie sasa mtu wetu wa laki sita. Uhuru wa kuchagua, ulioletwa na 1994, humsaidia tu yule anayejua anachochagua.

La kwanza ni ukubwa. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 55 ni takribani sentimita 140. Mtu apime ukuta wake na umbali kati ya kochi na kioo kabla ya kwenda dukani. Sebule nyingi za nyumba zetu za kupanga zina mita mbili hadi tatu za umbali huo, na hapo inchi 43 inatosha bila kumchosha mtu macho.

La pili ni idadi ya nukta zinazounda picha. Full HD ina nukta milioni mbili na kidogo. 4K ina zaidi ya milioni nane. Muuzaji ataizungumzia tofauti hiyo kama tofauti ya usiku na mchana. Hesabu inasema vingine. Kwa kioo cha inchi 43 cha Full HD, jicho lenye afya likiwa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi haliwezi tena kuitenganisha nukta moja na jirani yake. Ukikaa mita mbili na nusu, nukta za ziada umezilipia lakini huzioni. Isitoshe, sehemu kubwa ya matangazo ya vituo vyetu haijafika hata karibu na kiwango cha 4K. Kama bei zinalingana, chukua 4K. Kama zimepishana kwa laki moja, laki hiyo ina kazi nyingine.

La tatu, ambalo madukani halitajwi kabisa, ni pembe ya kutazamia. Ulaya na Marekani wataalamu hushauri kwa kumfikiria mtu au wawili waliokaa mbele ya kioo. Sebule ya Mswahili ina watu saba: wawili kwenye kochi, watatu kwenye mkeka, mmoja mlangoni, na jirani dirishani. Vioo vya aina ya VA huwa na weusi mzito ukivitazama usoni, lakini rangi hufifia ukikaa upande. Vya aina ya IPS weusi wake ni hafifu kidogo, ila aliyekaa pembeni huona karibu sawa na aliyekaa katikati. Kipimo chake ni rahisi: simama ubavuni mwa runinga ukiwa dukani, uone kama sura za watu zinapauka.

La nne ni umeme. Chukua runinga inayotumia wati 70, iwashwe saa tano kila siku. Kwa mwezi ni uniti 10.5. Zinaonekana chache, lakini ziweke ndani ya muundo wa bei zetu. Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa majumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza, na shilingi 350 kwa kila inayozidi. Mteja wa kundi la kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti zote. Familia inayotumia uniti 70 na kulipa shilingi 7,000 ikiongeza runinga hiyo itafika uniti 80.5, na mwezi huo italipa 9,425. Ikihamishiwa kundi la kawaida kwa sababu ya kuzidisha, uniti hizohizo zitagharimu zaidi ya 23,500. Ukubwa wa kioo, basi, ni jambo la LUKU pia. Tazama idadi ya wati iliyoandikwa nyuma ya seti kabla ya kutazama kitu kingine.

La tano ni asili ya bidhaa. Runinga iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri, lakini iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutarajia umeme wa volti 100 na mfumo wa mawimbi ambao si wetu. Kwa seti mpya, uliza kama ina kipokezi cha DVB-T2, kisha mwombe muuzaji achomeke antena na kutafuta chaneli mbele ya macho yako. Iwashwe, ionyeshwe picha nyeupe tupu na nyeusi tupu ili madoa yaonekane, spika zisikilizwe, na kila tundu la nyuma lijaribiwe. Asiyekubali kufanya hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa kuwa waranti isiyo na risiti ni maneno matupu.

La mwisho katika orodha hii ni matengenezo. Katika runinga nyingi za bei ya kati kinachokufa mapema ni taa ndogo za LED zilizo nyuma ya kioo, na kinachoziua ni mwanga uliowekwa juu kabisa, kama zilivyotoka kiwandani. Punguza mwanga siku ya kwanza, na seti itakaa miaka zaidi. Taa hizo fundi huzibadilisha. Kioo chenyewe kikipasuka, mara nyingi gharama ya kingine hukaribia bei ya runinga mpya. Kwa hiyo ile laki uliyoiokoa kwenye 4K itumie kununua kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka, na stendi imara ambayo mtoto hawezi kuisukuma.

Kioo kinachomtazama mtazamaji

Limebaki neno "smati", na hapa historia inafungua ukurasa mpya. Runinga smati ni kompyuta yenye kioo kikubwa, na kompyuta huzeeka kwa programu kabla ya kuzeeka kwa vifaa. Desemba 2019 baadhi ya runinga za Samsung za miaka ya 2010 na 2011 zilipoteza uwezo wa kuonyesha Netflix ingawa vioo vyake vilikuwa vizima. Chogo haikuwahi kumfanyia mtu hivyo. Aidha, Netflix yenyewe hueleza kwamba saa moja ya HD hutumia hadi GB 3 za intaneti na saa moja ya 4K hadi GB 7. Mwenye kuishi kwa bando la wiki afanye hesabu hiyo mapema.

Zito zaidi ni hili. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kubainika kwamba runinga zake zipatazo milioni 11 zilikuwa zikikusanya taarifa za kile ambacho wenye nazo walikitazama, bila ridhaa yao. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuifungua sehemu ya mipangilio ya faragha katika runinga zao? Wengi hubofya "kubali" ili mpira uanze.

Tazama basi mzunguko wenyewe. Kizazi cha kwanza dola iliwaamulia wasitazame. Kizazi cha pili soko liliwaamulia watazame nini. Kizazi cha tatu kinanunua kwa fedha yake kioo ambacho nacho kinamtazama. Katika kila hatua raia aliambiwa kwamba ni kwa faida yake, na katika kila hatua aliyeuliza maswali alipata nafuu kuliko aliyenyamaza.

Simlaumu mtu anayetamani kioo kikubwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na baba aliyewapelekea wanawe runinga mpya anastahili furaha yao jioni hiyo. Ninachoomba ni kwamba ukali ule tunaoutumia dukani, wa kusimama ubavuni mwa kioo, kuuliza wati, kudai risiti na kukataa mbuzi wa kwenye gunia, tuutumie pia kwa wale wanaoamua kitakachoonekana ndani ya kioo hicho. Fedha ya runinga tunailipa mara moja. Fedha ya utangazaji wa umma tunailipa kila mwaka kwa kodi zetu, na hiyo haina waranti nyingine isipokuwa sauti zetu.